Kibaraza cha Mtaa wa State

Ingia polepole, kizingiti kiko juu na ndani kuna giza. Banda la gemu la Magomeni Mapipa lilikuwa chumba kimoja cha mabati, kimeegemezwa ubavuni mwa nyumba ya watu, na mbele yake ulipita mtaro uliofunikwa kwa ubao mmoja mwembamba. Ukiukanyaga ubao unalia, lakini waliomo ndani hawageuki. Macho yao yamenasa kwenye televisheni mbili za chogo zilizopandishwa juu ya kreti za soda. Hewa ina harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, ya jasho la watoto waliotoka shule bila kupitia nyumbani, na ya mihogo ya kukaanga inayouzwa hapo mlangoni pamoja na chachandu yake. Ni mwaka 2008. Nina miaka 12, na mfukoni sina kitu.

Mechi moja ya Winning Eleven, gemu ya soka, ilikuwa shilingi 200. Mwenye banda alikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, kopo la sarafu miguuni. Aliyelipa alikaa benchi la mbele na kukabidhiwa pedi ya PS2 ambayo vitufe vyake vilikuwa vimelika hadi alama zikafutika. Asiyelipa alisimama nyuma akapiga chabo. Mimi nilikuwa mtu wa chabo. Nilijifunza mchezo mzima kwa macho, vidole vyangu vikibonyeza hewa nyuma ya mgongo. Pedi yenyewe niliishika siku za kuhesabu: Idi mbili, na jioni moja mjomba aliporudi na mshahara. Tukizidi kujaa, mwenye banda alipaza sauti, "Wasio na hela, nje!" nasi tukatoka mmoja mmoja, na ubao ukalia kwa kila mmoja wetu.

Nyumba ya nne kutoka pale, mchezo mwingine ulikuwa ukiendelea. Babu yangu mzaa mama alicheza bao barazani kwake kila siku baada ya swala ya alasiri. Bao lake lilikuwa la mninga, mashimo 32 yaliyolainishwa na vidole vya miaka mingi, na kete 64 za komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa kama kokoto za ufukweni. Zikidondoka shimoni moja moja zilitoa mlio mkavu, to, to, to, na mwenye sikio aliweza kujua nani anakula na nani analiwa bila kutazama. Palikuwa na birika la kahawa chungu, sahani ya kashata, na harufu ya udi ikitoka ndani kwa bibi. Habari za mtaa mzima zilipita hapo: nani kafiwa, mchele umefika bei gani, mtoto wa nani kafaulu. Mimi nilijifunza kuhesabu pale kabla sijaanza shule, na maneno ya bao, namua, mtaji na takata, niliyajua kabla sijajua alifabeti. Mpita njia akisimama kuangalia, babu alimsogezea kigoda bila hata kuinua macho. "Kaa, mwanangu," alimwambia. "Bao haliangaliwi kwa kusimama."

Jumamosi nyingine mjomba alinipeleka Maktaba Kuu. Tulipanda daladala hadi Posta, kisha tukatembea hadi Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwenye lile jengo alilolifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mjomba aliitaja tarehe hiyo kila tulipofika mlangoni, kama mtu anayebisha hodi. Ndani feni zilizunguka taratibu, vitabu vilinukia karatasi kongwe na gundi, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya kiti kuburutwa sakafuni. Nilipapenda, na nilipaogopa. Nilitembea kwa ncha za vidole, nikashika kitabu kwa mikono miwili kama nimeshika yai. Kichwani mwangu nikayapanga mambo matatu, kila moja na mahali pake: gemu ni ya wenye hela, bao ni la wazee, maktaba ni ya walionyamaza.

Agosti 2010 tukahamia Chicago, mama na mimi. Tulipanga chumba na sebule Rogers Park, kaskazini kabisa ya jiji, karibu na Ziwa Michigan, mtaa wenye watu wa kila bara. Ngazini niliwasikia majirani waliotoka Kongo wakibishana juu ya zamu ya mashine ya kufulia, kwa Kiswahili chao cha Bukavu, nikasimama kuwasikiliza hadi walipoingia kwao na kufunga mlango. Shuleni sikuwa na ulimi. Kiingereza nilichotoka nacho Magomeni kilikuwa cha kwenye daftari. Hiki cha huku kilikwenda mbio na kumeza nusu ya maneno. Nilinyamaza Septemba nzima, nikanyamaza Oktoba. Mama alikuwa akifanya usafi hotelini zamu ya jioni, na nikirudi shule nilikuta chakula kimefunikwa na nyumba iko kimya. Mwishoni aliona. Akanifunga skafu shingoni Jumamosi moja ya Novemba akasema, "Hizi kuta zitakuumiza, mwanangu. Nimesikia mjini kuna maktaba. Twende."

Tulipanda treni, ile Red Line, kituo cha Morse. Ilikuwa na joto la kubanana na harufu ya chuma na makoti yaliyolowa. Kwanza ilipita juu, usawa wa madirisha ya ghorofa za pili, unaona mapazia ya watu na masufuria yao; halafu ikazama chini ya ardhi, na vioo vikawa vyeusi, nikajiona mwenyewe nimevaa koti kubwa kuliko mimi. Tulishuka Jackson. Juu, kwenye Mtaa wa State, upepo ulitupiga usoni kama nguo mbichi. Maktaba ya Harold Washington imekaa pale, jengo zito la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1991 na kupewa jina la meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo. Kwenye pembe za paa wamekaa bundi wakubwa wa kijani, mabawa yameinuliwa. Mama akasimama. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu husoma dua. Mimi nilikuja kujua baadaye kwamba huko ni ndege wa hekima, lakini siku ile hatukuwa na wa kumuuliza. "Nyumba ya bundi," mama akasema kwa sauti ndogo. Kisha akanishika mkono tukaingia.

Kilichonipokea ni kelele. Chini kabisa, mkabala na barabara, palikuwa na ukumbi wa vijana wa sekondari peke yao, unaitwa YOUmedia, uliofunguliwa mwaka uliotangulia kwa msaada wa mfuko wa MacArthur. Vitabu vilikuwepo, rafu zimeuzunguka ukumbi. Lakini katikati palikuwa na makochi, kompyuta za kuazima, kinanda cha umeme, chumba kidogo cha kurekodia sauti chenye mlango mnene, na skrini kubwa bapa. Msichana mmoja alikuwa amevaa gitaa la plastiki akibofya vitufe vya rangi, taka-taka-taka, na kijana kando yake akipiga ngoma za mpira. Upande wa pili wavulana wanne walikuwa kwenye FIFA. Walicheka kwa sauti. Niligeuka kumtafuta mtu wa kuwanyamazisha. Hakuja.

Nikafanya nilichokizoea. Nikaenda nyuma ya kochi nikasimama, mikono mgongoni, vidole vikibonyeza hewa.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mkutubi alikuja kando yangu, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akaniuliza kitu sikukielewa. Akakirudia polepole: je, ungependa zamu? Nikatafuta maneno nikayapata machache, ya kwanza kumwambia mgeni katika nchi ile kwa hiari yangu. Nikamwambia sina pesa. Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua, ingawa maneno yalikuwa ya kwao. Halafu uso wake ukalainika. Akasema hapa halipi mtu. Kinachotakiwa ni kadi ya maktaba, na kadi nayo ni bure. Akavuta kiti cha magurudumu kutoka kwenye meza ya jirani, akakisukuma hadi kikagusa nyuma ya magoti yangu. Nikakaa. Barazani Magomeni wakati ule ilikuwa usiku na babu amelala, lakini sauti yake niliisikia.

Pedi ilikuwa nzito na ya baridi, vitufe vyake bado vinarudi juu vikibonyezwa. Nilifungwa mabao manne kwa bila. Aliyenifunga, kijana mrefu kutoka upande wa kusini wa jiji, alinionyesha kwa kidole gumba jinsi ya kupiga krosi ya chini, hakunena hata neno moja, nami nikaelewa yote. Jina langu likaandikwa kwenye karatasi ya zamu. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, pochi mapajani, akiwatazama bundi waliochapishwa kwenye karatasi aliyopewa. Tulipotoka mfukoni nilikuwa na kadi ya plastiki yenye jina langu, limeandikwa sawasawa, herufi zote.

Nikawa wa kurudi. Baada ya shule, mara tatu au nne kwa wiki, kituo cha Jackson, upepo, mlango, kelele. Kiingereza changu kilianza pale na kilianza na maneno ya mchezo: zamu ya nani, ngoja kidogo, nipasie, nilikuona, tena. Ni maneno madogo, lakini mtu anaweza kuishi kwa hayo mwezi mzima, na yakishazoea mdomo huita wenzao. Jiji lilikuwa na desturi ya kuchagua kitabu kimoja kisomwe na wote, na majira yale kilikuwa A Mercy cha Toni Morrison. Nakala zake zilirundikwa mezani kando ya skrini, hivyo kila nilipongojea zamu mkono wangu ulitua juu yake. Nilisoma ukurasa wa kwanza kwenye foleni ya FIFA. Ukanishinda. Kesho yake nikausoma tena.

Saa nyingine jioni mchezo ulisimamishwa, skrini ikiganda na mchezaji hewani, kwa sababu maikrofoni ilikuwa imewashwa. Lilikuwa jukwaa la mashairi lililolelewa na mshairi Mike Hawkins, ambaye vijana walimwita Brother Mike hadi alipofariki mwaka 2014. Wengi walisimama pale wakitetemeka na karatasi mkononi, akiwemo kijana ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Chance the Rapper. Pedi ziliwekwa chini na makochi yakageuzwa. Walewale waliokuwa wakipiga kelele za goli wakanyamaza wenyewe, kimya ambacho hakuna aliyekiamuru. Nilikumbuka barazani kwa babu, jinsi kete zilivyotulia mzee mmoja alipoanza kusimulia.

Tarehe 1 na 2 Februari 2011 ilianguka theluji ya zaidi ya sentimita 50. Magari yalikwama barabara ya kando ya ziwa, shule zikafungwa, na Rogers Park ikawa kimya kama mtu kaifunika kwa godoro. Mama hakuweza kwenda kazini. Tulikaa dirishani na chai ya tangawizi, na kwa kukosa la kufanya nikachukua makasha matatu ya mayai, yale ya karatasi ngumu yenye matundu 12, nikakata moja na kuyaunganisha kwa gundi hadi nikapata safu nne za mashimo manane. Mama akaniletea maharage. Tukahesabu pamoja, 64. Nikaweka sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mawili mawili pembeni yake, na mama naye vivyo hivyo, kila mmoja amebaki na kete 22 mkononi. Sikuwa nimejua kwamba mama anacheza. Alicheza kama baba yake, macho chini, mkono mwepesi, akanifunga mara tatu.

Bao lile la mayai nililipeleka maktaba kwenye mfuko wa plastiki, barabara zilipofunguka. Nililiweka mezani karibu na skrini, nikaanza kulipanga peke yangu wakati nikingoja zamu. Yule kijana mrefu akasogea. Akauliza ni nini. Nikamvutia kiti. Ndani ya nusu saa tulikuwa na watu sita wametuinamia, wanauliza kwa nini kete inarudi huku, kwa nini nyumba inaachwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikieleza. Mimi, niliyenyamaza Septemba na Oktoba. Maharage yalidondoka matunduni bila mlio, kwa kuwa karatasi haina sauti ya mninga, lakini sikuijali sauti.

Ndipo alipotokea mzee mmoja msomaji, magazeti kwapani, akamuuliza mkutubi kwa ukali tangu lini maktaba imekuwa uwanja wa michezo. Mkutubi hakukasirika. Alimjibu kwa upole kwamba ni tangu zamani: maktaba ya Mechanics' Institute ya San Francisco ina klabu ya sataranji tangu mwaka 1854, na mwaka 2008 chama cha maktaba cha Marekani kilianzisha siku ya michezo kila Novemba, ya mbao na ya skrini. Mzee akatazama maharage. Akauliza nani anashinda.

Wiki iliyofuata mkutubi aliniita mezani kwake. Alikuwa ameniagizia kitabu kwa kuazima kutoka maktaba nyingine, kazi ya mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliyekaa na mafundi wa bao wa Zanzibar miaka ya 1990 akachunguza wanavyohesabu kichwani hatua nyingi kabla ya kugusa kete. Nilikifungua nikakuta maneno ya barazani kwetu yamepigwa chapa: nyumba, kichwa, kimbi, takata. Nilikuwa nimevuka bahari, na maneno ya babu yalikuwa yamefika kabla yangu, yako rafuni yananisubiri. Kile ndicho kitabu cha kwanza cha Kiingereza nilichokisoma kuanzia jalada hadi jalada. Nilikisoma kwa kamusi, miezi miwili, kituo hadi kituo.

Jumapili nikampigia babu simu kwa kadi ya dola tano. Nikamwambia kuna kitabu kuhusu bao, kimo maktaba za Marekani, na ndani mna takata. Simu ikakwaruza. Nilisikia kete nyuma yake, na muuza kahawa akigonga vikombe. "Wameandika vizuri?" akauliza. Nikamwambia wameandika vizuri. "Basi waambie wakae," akasema. "Na wewe umepata pa kukaa?" Nikamwambia nimepata, babu.

Alifariki mwaka 2017, na mimi nikarudi Dar es Salaam mara ya kwanza mwaka 2022. Bao la mninga lilikuwa uvunguni mwa kitanda cha bibi, limefungwa kwa kanga, kete zimepungua mbili. Mjomba, sasa mwenye mvi, alinipeleka tena Bibi Titi Mohamed. Akaitaja tarehe yake mlangoni. Viti vilijaa wanafunzi wa mitihani, feni zinazunguka, na harufu ya karatasi ni ileile niliyoiacha. Nikahisi machozi yananilengalenga.

Jioni nikapita Mapipa. Banda lilikuwepo bado. Televisheni zilikuwa bapa, mashine mpya, mechi ilikuwa imepanda hadi shilingi 500, na mihogo bado ilikaangwa hapo mlangoni. Nyuma ya benchi walisimama watoto saba, mikono mgongoni. Nilivitazama vidole vyao. Niliwalipia wote, wakakaa kwa zamu hadi magharibi, na nilipoondoka nilijua kwamba kesho watasimama tena, kwa sababu mimi ni mtu mmoja na nimewapa jioni moja. Kile nilichopewa mimi Mtaa wa State kilikuwa cha kila siku, na hakikuwa hisani ya mtu. Kilikuwa huduma ya mji kwa watoto wake, pamoja na yule aliyefika juzi.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yako mkutubi, wewe mwenye funguo za maktaba ya mkoa, ya wilaya au ya shule. Najua bajeti ni ndogo na umeme hukatika. Anza na bao moja mezani, mashimo 32 na kete 64. Siku Mungu akijalia skrini na mashine, iweke kando ya lile bao, karibu na vitabu, watoto waandikishane zamu. Usiogope kelele, wenyewe watanyamaza likija la kusikilizwa. Na ukimwona aliyesimama nyuma, mikono mgongoni, vidole vinabonyeza hewa, mvutie kiti.